Singida: Alizeti, Upepo na Stempu Vibogoyo

Mpenzi msomaji, leo nianze kwa kukiri jambo. Mimi na mwenzangu tulisafiri kwenda Singida tukiwa tumenuniana. Si kununiana kwa kelele, hapana. Ni kule kwa adabu, kwa "samahani, nipitishie maji" na "asante". Tulipanda treni ya umeme Dar es Salaam, hii ambayo tangu mwaka 2024 inakufikisha Dodoma kwa saa tatu na ushee. Behewa zima watu wanapiga picha na kucheka, sisi wawili kila mtu na simu yake, kama wapangaji wanaodaiana umeme.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa stempu.

Najua unachofikiri. Kwa kizazi chetu Posta ni jina la kituo cha daladala. Lakini baba mkwe wangu alikaa dirishani posta tangu enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, mpaka akastaafu na kubaki kwao Singida. Mwezi mmoja kabla ya safari yetu alimpigia simu mwanawe: "Njoo uchukue albamu. Macho yangu hayahesabu tena meno."

Mume wangu ni kitinda mimba. Albamu ile anaijua toka utotoni, ingawa hakuwahi kuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Usiku ule ule akaingia mtandaoni, akakutana na ile stempu maarufu ya Marekani ya mwaka 1918 ambayo ndege imechapwa miguu juu. Zilitoka 100 tu kwa bahati mbaya, na mwaka 2023 moja yake iliuzwa kwa dola milioni mbili na chenji. Akaniamsha. Saa saba za usiku mtu anakwambia, "Mama, tunaezeka!" Maana tuna msingi wetu Kibaha, una miaka minne, kwa sasa tunafugia mijusi.

Mimi badala ya kufurahi nikamjibu: "Baba yako anakuaga, wewe unapiga hesabu ya mabati."

Ndo hapo tukanuniana.

Basi bwana, Dodoma tukapanda basi. Nilipata kiti upande wa kushoto, yeye kulia, katikati njia. Bahi kuna mashamba ya mpunga, na kama umezoea kusikia habari za ukame wa mikoa ya kati unabaki unashangaa. Ukishapita Kintinku barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, masikio yanaziba kidogo, kisha uko Manyoni kwenye njia panda: ukinyoosha unakwenda Itigi na Tabora, ukikata kulia unakwenda Singida. Hapo ndipo alizeti zinapoanza.

Tulikuwa mwezi wa nne. Jamani, kama bado hujaenda Singida mwezi wa nne, panga. Njano kushoto, njano kulia, halafu katikati ya njano linachomoza jiwe kubwa kama nyumba, na juu ya jiwe lile kuna jiwe lingine limekaa kwenye ncha, unaona kabisa mtoto akilisukuma litaanguka, na halijaanguka tangu dunia iumbwe. Sasa alizeti iliyokomaa huwa haizunguki tena na jua, inabaki imetazama mashariki. Kwa hiyo mimi wa kushoto zilikuwa zinanitazama usoni, moja moja, mpaka aibu. Mwenzangu wa kulia alikuwa anaonyeshwa migongo. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Unaona? Hata zenyewe zimekununia." Akacheka. Ikungi tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala pamoja.

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji ni ya chumvi, na ukibahatika utawakuta heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wamesimama kwenye kina kifupi. Mawe yanaingia mpaka mjini. Na upepo! Wenyeji wanauzungumzia kama mtu wa ukoo mwenye tabia mbaya. Unafunga mlango, unaufungua wenyewe.

Meno ya stempu

Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kunawa na kula (kuku wa kienyeji, ugali wa mtama, mlenda, nilikula hadi nikasahau kuwa ni mkwe), baba mkwe akaamuru madirisha yote yafungwe. Stempu ina uzito wa unyoya, na upepo wa pale nimeshakueleza. Akanawa tena, akafuta mikono, akatoa kibano, lenzi, na kikadi chenye vidoti vingi mistari mistari. Nilidhani rula ya shule.

"Hiki ndicho kipimo cha meno, mkwe. Unalaza stempu hapa, unahesabu vitundu vilivyomo ndani ya sentimita mbili. Vikiwa 14, hiyo ni meno 14."

Nikauliza swali la mjinga: meno ya nini? Yaani sijawahi kujiuliza kwa nini stempu ina kingo za msumeno.

Mzee akafurahi. Nadhani hajaulizwa swali hilo miaka mingi. Akaeleza kwamba stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya Uingereza ya mwaka 1840, ilikuwa kibogoyo. Karani alikuwa na karatasi nzima na mkasi, mteja akija anakatiwa ya kwake, mkono ukiyumba kichwa cha malkia kinapungua sikio. Ndipo Mwairishi mmoja, Henry Archer, akabuni mashine ya kutoboa vitundu kati ya stempu na stempu ili mtu achane tu kwa vidole. Serikali ilinunua haki ya mashine yake mwaka 1853 kwa pauni 4,000, na mwaka uliofuata stempu za kila siku zikaanza kutoka na meno.

Fikiria cherehani isiyo na uzi, yenye sindano nyingi zinazoshuka kwa pamoja. Karatasi zinapangwa chini yake, zinatobolewa, zinasogezwa, zinatobolewa tena. Sasa karatasi ikiteleza kidogo, vitundu vinapita usoni mwa twiga badala ya pembeni yake. Mashine ikiruka mstari, stempu mbili zinabaki zimeungana bila tundu katikati. Kona ikijikunja, sindano zinatoboa mkunjo, na ukiukunjua unakuta mstari wa mshazari sehemu moja na sehemu nyingine hakuna kitu kabisa. Karatasi kama hiyo ilitakiwa ikamatwe na wakaguzi kiwandani na kuharibiwa. Ikiponyoka, ikafika dirishani posta na mtu mwenye jicho akaiona, ndiyo hiyo watu wanaitafuta dunia nzima.

Kwetu Afrika Mashariki ponyoka-ponyoka hizo ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Uganda mwaka 1895, mmisionari Ernest Millar kule Mengo alizitengeneza stempu kwa mashine ya kuandikia, taipureta ya kawaida, bei yake ikiwa ni simbi, wale kauri waliotumika kama fedha. Meno hazikuwa nayo hata moja, zilikatwa kwa mkasi, na leo ukionyeshwa moja usiishike kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo Zanzibar walikuwa wanagongesha jina la nchi juu ya stempu za India, fundi akakosea herufi, zikatoka nyingine zimeandikwa "Zanzidar". Mume wangu alicheka hiyo mpaka mama mkwe akaja kuchungulia.

Lakini aliyonigusa mimi ni habari ya simba. Kabla ya uhuru Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na stempu za pamoja, zenye kichwa cha mfalme pembeni na picha za huku kwetu: jahazi la Ziwa Viktoria, Mlima Kilimanjaro, simba. Zilichapwa Uingereza. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Wajerumani zikaiteketeza kwa mabomu kampuni ya De La Rue jijini London, mashine zikaangamia, na kazi ya kutoboa ikabidi ifanyike kwa mashine nyingine zenye sindano za nafasi tofauti. Kwa hiyo stempu ile ile, picha ile ile, bei ile ile, kabla ya bomu ina meno ya namna moja na baada ya bomu ina meno mengine. Simba wa pauni moja anatofautiana bei vibaya sana kutegemea meno yake. Mzee alimwonyesha mume wangu simba wawili, ambao kwa macho yangu walikuwa mapacha, akamwambia ahesabu. Mume wangu akahesabu mara tatu akitoa ulimi kama mtoto wa darasa la pili. Kweli, hawakulingana.

"Bomu limeanguka London," mzee akasema, "kovu liko Singida kwenye sahani ya mama yako." Maana stempu zilikuwa juu ya sahani.

Nisikufiche, mpaka hapo mume wangu alikuwa bado anapiga hesabu za bati. Nilimwona. Na mzee naye alimwona, maana aligeuka akamwambia taratibu kwamba stempu nyingi za kwenye albamu hazina thamani ya kutisha. Zilichapwa kwa mamilioni. Akamfundisha na kanuni moja ambayo, mpenzi msomaji, ukiwa na albamu ya babu ndani ni vizuri uijue: stempu kibogoyo ikiwa moja peke yake haiaminiki. Mtu yeyote mwenye mkasi na tamaa anaweza kunyoa meno ya stempu ya kawaida na kukuuzia kama kasoro ya kiwandani. Inayoaminika ni jozi. Mbili zikiwa zimeungana na katikati hakuna tundu, hapo huwezi kudanganya. Ukizitenganisha, umeua ushahidi.

Vipepeo wanne

Ukurasa wa mwisho wa albamu haukuwa na stempu, ulikuwa na bahasha nne. Bahasha za kawaida, zimekuwa rangi ya chai, zimeandikwa kwa mkono wa mwanamke jina la mzee na "Posta, Manyoni". Kwenye kila moja stempu ya kipepeo, zile za Tanzania zilizoanza kutumika mwaka 1973, na muhuri wa Singida. Mwaka kwenye mihuri ni 1976.

Nilichukua lenzi. Meno yalikuwa ya ajabu. Makubwa, yamechongoka, kama ukingo wa kitambaa.

"Mwaka ule ndo tumeoana," mzee akaanza. "Dirishani kwangu ikafika karatasi ya stempu kona imejikunja. Nikaikunjua, nikakuta vipepeo wanne wa kona hawana tobo hata moja kati yao. Mkuu wangu akaziona, akasema kama nazitaka nilipie kama mteja. Nikalipa kwa fedha yangu, nikaziweka ndani ya Biblia. Sijakaa wiki mbili nikapelekwa Manyoni kushika nafasi ya mwenzetu mgonjwa. Miezi minne."

Kutoka Singida hadi Manyoni leo ni kama kilomita 120 za lami, unafika kabla wimbo haujakuchosha. Mwaka 1976 ulikuwa mwendo wa kuomba lifti ya lori na vumbi mpaka kwenye kope. Bibi harusi akabaki Singida na mama mkwe wake, na cherehani. Alikuwa anashona nguo za watu.

"Barua ya kwanza ikafika. Mimi ndiye ninayechambua barua, kwa hiyo nikaiona kabla sijajua ni yangu. Nikaona kipepeo. Nikaona meno. Nikajua papo hapo."

Ndo tukaelewa, mimi na mume wangu kwa pamoja. Alikuwa amezikata kwa mkasi wa fundi, ule wa zigizaga wa kuzuia kitambaa kisichanike nyuzi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya mwalimu: "Nilizikuta kwenye Biblia hazina meno. Nikaona posta watazikataa. Nikazipa meno."

Tulicheka, msomaji. Mume wangu machozi yalimtoka. Mzee pia. Mama mkwe alicheka kidogo, halafu akaacha, akauliza: "Kwani zilikuwa za nini?"

Kimya. Mzee akaanza kueleza, jozi, ushahidi, kasoro, na kadiri alivyoeleza nikaona uso wa mama unabadilika.

"Barua ya kwanza ulijua?"

"Nilijua."

"Nikaandika ya pili."

"Ndiyo."

"Ya tatu. Ya nne. Na hukusema."

Akaweka birika mezani taratibu, akaondoka.

Mume wangu akamgeukia babake: "Baba, si ungemwambia tu baada ya ile ya kwanza? Zingebaki tatu." Hesabu za bati tena. Mzee akasafisha lenzi kwa shati muda mrefu. "Hakuwa na hela ya stempu nyingine," akasema. "Fedha yote nilimwachia mama yangu, ndivyo tulivyofanya zamani. Ningemwambia aache stempu, angeacha na barua."

Nikamfuata mama jikoni. Kwenye ndoa za watu wazima huwa sijui niingie na mguu gani, nikachukua tu kisu nikaanza kukata mchicha ambao hakuna aliyeniomba niukate. Baada ya muda akasema hakasirikii stempu. "Karatasi tu hizo, mwanangu. Kinachonikera ni kwamba miaka karibu 50 anajua kitu changu mimi sikijui, halafu anawaambia ninyi kwanza." Sikuwa na jibu. Unafanya kazi ya uhariri wa gazeti la mahusiano, kila mwezi unashauri watu, halafu unasimama jikoni Singida huna hata sentensi moja. Nikamwambia mchicha umeisha, nikate nini tena. Akanipa vitunguu.

Usiku chumbani mume wangu hakutaja bei. Alikuwa amesoma barua moja, kwa ruhusa ya babake. Akaninong'oneza yaliyomo: mbuzi wa jirani wameingia kwenye mtama, mama mkwe anasalimia, cherehani imekatika mkanda, nitumie shilingi 20, au usitume, njoo mwenyewe. "Basi," akasema. "Hiyo ndo barua." Akalala amenigeukia upande wangu.

Kona zilizokatwa

Asubuhi nilidhani vita imekwisha, kumbe imebadilika upande. Mama mkwe, baada ya kumpa kila mtu uji, akatangaza kwamba bahasha ziuzwe. Anataka tenki la maji. Maji ya pale yana siku zake za kutoka na siku zake za kutotoka, na yeye ndiye anayeamka saa kumi usiku kukinga. Mzee akasema haiwezekani. Mume wangu, yule yule wa "tunaezeka", akamuunga mkono babake! Nikabaki nimeduwaa.

"Barua nimeandika mimi," mama akasema, "kilichomo nakijua. Uzeni."

Mzee akajaribu kujificha kwenye utaalamu: stempu zimeshakatwa, hazina thamani tena, mkusanyaji anataka zikiwa zimeungana. Hapo mume wangu akafanya kitu ambacho mpaka leo namheshimu. Akazilaza bahasha nne kwenye meza, akachukua lenzi, akaanza kulinganisha meno. Mkasi wa zigizaga ukikata, pande mbili zinaachana zikiwa zinaingiana kama vidole vya mikono miwili. Kila penye jino kwa kipepeo wa kwanza pana pengo kwa kipepeo wa pili. Na mama alipokata alipindisha kidogo, sehemu moja jino moja ni nene kuliko mengine, na pengo lake nene liko kwenye bahasha ya tatu. Zile nne zilikuwa zinaingiana zote. Mkasi uleule ulioua ushahidi ndio uliokuwa unautoa.

Mzee akainama akatazama muda mrefu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuziweka kwa namna hiyo, maana alizipanga kwa tarehe, moja chini ya nyingine.

Kisha mwenyewe, bila kuulizwa, akamwambia mkewe habari ya stempu ya British Guiana ya mwaka 1856, ambayo ipo moja tu duniani. Mwaka 2014 iliuzwa zaidi ya dola milioni 9, na mwaka 2021 ikauzwa tena zaidi ya milioni 8. "Ile nayo haina meno," akasema. "Imekatwa kona zote nne kwa mkasi, imekuwa na pembe nane. Na hakuna anayelalamika." Kwa mzee wa Singida huko ni kuomba radhi. Mama akamwongezea uji.

Sitaki nikudanganye, hizi si British Guiana. Kuna wakusanyaji watakaosema mama aliziharibu, na wengine watasema kasoro iliyosafirishwa kwa posta, ikiwa na muhuri na historia, ndiyo hasa wanayoitafuta. Bei ya kitu cha namna hii ni ile ambayo watu wawili wanaokitaka watafikishana. Ila ushauri wa mzee upokee kama ulivyo: ukiikuta stempu kwenye bahasha ya zamani usiiloweke, usiibandue, na mkasi uweke mbali.

Makubaliano yaliyofikiwa, baada ya saa mbili na vikombe sijui vingapi, ni haya: barua zinabaki, bahasha zinakwenda Dar zikatazamwe na mkusanyaji mmoja mzee ambaye baba mkwe anamfahamu kwa barua tu, hawajawahi kuonana. Kutazamwa, si kuuzwa. Mzee akasema bahasha haziendi bila yeye. Mama akasema barua zake haziendi popote bila yeye, na akakumbushwa kwamba barua zinabaki, akasema hata bahasha ni zake.

Kilimatinde

Kwa hiyo tulikuja wawili tukarudi wanne, kwenye gari la shemeji yangu, buti likiwa na kuku watatu hai na dumu la mafuta ya alizeti. Kabla ya Manyoni kushuka bondeni, mzee akaomba tuchepuke Kilimatinde.

Kama wewe ni mtu wa historia, usipite Manyoni bila kufika. Wajerumani walikuwa na boma pale, na posta yenye muhuri wake. Fikiria barua zinabebwa na wapagazi kutoka pwani mpaka ukingo ule, zikiwa na stempu za meli ya Kaiser, mahali ambapo hakuna meli wala maji ya kuielea. Umesimama juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, chini yako tambarare ya Bahi imetandazwa mpaka macho yanachoka.

Na mkoa huu mambo ya kutengeneza vitu kwa vifaa visivyostahili haukuanza na mama mkwe. Mzee alitusimulia pale pale, akipigana na upepo. Mwaka 1916, Wajerumani wamezingirwa na Waingereza, fedha zimewaishia, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, wakaipeleka Tabora, na kwenye karakana ya reli wakatengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitoka zaidi ya 16,000. Stempu nazo zikawaishia, wakachapa za dharura kwenye mtambo wa misheni kule Vuga, Usambara. Kabla hazijatumika, meli moja ikapenya kizuizi cha Waingereza ikiwa imebeba stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini na kuja kufukuliwa baada ya vita, zingine zimeharibiwa na unyevu, na leo zinagombaniwa.

Mume wangu akauliza kama twende tukachimbe. Mama mkwe akamwambia aanze na msingi wa Kibaha.

Nilimwomba mzee atoe bahasha nipige picha ya kumbukumbu, vipepeo wanne na bonde nyuma yake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatazama majani yanavyolala kwa upepo, akautoa mkono mtupu. "Hapana, mkwe. Hapa zitaruka mpaka Bahi."

Tuliporudi kwenye gari mama mkwe alinyoosha mkono bila kusema kitu. Mzee akasita, kisha akampa. Akazifunga kwenye kona ya kanga, akapiga fundo, akaweka fundo mapajani. Shemeji akawasha gari tukaanza kuteremka kwenda Kintinku, na mwenzangu, akiwa amekaa dirisha la kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nakumbuka ile meseji ndefu niliyomwandikia mwaka tulipokutana. Nikamwambia nakumbuka. Akasema ilipotea na simu iliyoibwa Kariakoo, na kwamba amekuwa akiogopa kuniambia.